Chipukizi wa besiboli na takwimu zake: kwa nini wastani wa kupiga usomwe mwisho

Mwaka 2005 Brandon Wood, kijana wa miaka 20, alipiga homurani 43 akiwa na Rancho Cucamonga, timu ya ligi ndogo iliyokuwa chini ya Angels huko California. Mwaka 2012 Mookie Betts, mwenye miaka 19, alicheza mechi 71 na Lowell, timu ndogo ya Boston Red Sox, akamaliza bila homurani hata moja. Wood alipopandishwa Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) alicheza mechi 272 kwa jumla na kuondoka na wastani wa kupiga wa .186. Betts alitangazwa mchezaji bora wa American League, mojawapo ya nusu mbili za Ligi Kuu, mwaka 2018.

Mifano hiyo imechaguliwa kwa makusudi, na haina maana kwamba homurani za ligi ndogo ni za bure. Wapigaji wengi waliotikisa Ligi Kuu walianza kutikisa huko chini. Ila safu mbili ambazo jicho la msomaji hukimbilia, yaani wastani wa kupiga na homurani, ndizo zinazobeba uchafu mwingi kuliko zote: umri, uwanja, ubora wa warushaji na bahati vyote vimejificha humo. Ukizisafisha kwanza ndipo utajua kama kilichobaki ni mchezaji au ni mazingira.

Tukubaliane juu ya maneno. Zamu ni kila mara mpigaji anaposimama kumkabili mrushaji mpaka matokeo yapatikane. Straiki huhesabiwa akijaribu kuuchapa mpira akaukosa, au akiuacha upite ndani ya eneo la straiki. Akifikisha straiki tatu ametoka, na hiyo ni straikauti. Akirushiwa mipira minne nje ya eneo la straiki bila kuichapa, anapewa bure beisi ya kwanza, kati ya vituo vinne ambavyo mchezaji huvizunguka ili kufunga. Hiti ni mpira aliouchapa ukamfikisha beisi salama bila kosa la wadakaji, na homurani ni mpira uliovuka uzio. Katika majedwali, mpigaji huandikiwa namba tatu mfululizo, mfano .300/.371/.500. Ya kwanza ni wastani wa kupiga, yaani hiti kugawanywa kwa zamu zinazohesabiwa. Beisi za bure, kugongwa na mpira na mipira ya kujitoa mhanga (mpigaji akitoka ili mwenzake asonge) haziingii humo. Ya pili ni wastani wa kufika beisi, iwe kwa hiti, kwa beisi ya bure au kwa kugongwa na mpira. Ya tatu ni jumla ya beisi alizozipata kwa hiti zake, kugawanywa kwa zamu zilezile zinazohesabiwa. Homurani moja huingiza beisi nne. Toa namba ya kwanza kwenye ya tatu upate nguvu halisi ya gongo lake, ambayo majedwali huiandika ISO.

Umri kwanza, kisha ngazi

Tangu mwaka 2021 kila klabu kati ya 30 za Ligi Kuu ina timu nne za msimu mzima chini yake, jumla 120. Ngazi zenyewe, kutoka chini, ni Low-A, High-A, Double-A na Triple-A. Chini ya hizo kuna ligi za vituo vya mazoezi Arizona na Florida, na chini kabisa Ligi ya Kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, ambako vijana wengi wana miaka 17 au 18.

Umri wa wastani wa wachezaji Low-A ni takriban miaka 20 hadi 21, High-A 22, Double-A 23 hadi 24, na Triple-A hukaribia 26 kwa sababu imejaa watu waliowahi kuonja Ligi Kuu wakarudishwa. Mwenye miaka 23 anayetamba Low-A ni sawa na kijana wa darasa la saba aliyeongoza mtihani wa darasa la nne: alama ni zake kweli, lakini hazikuambii atafanyaje sekondari. Aliye mdogo kwa miaka miwili kuliko wastani wa ngazi yake, na anapiga walau kama wastani wa ligi, ni chipukizi wa kufuatiliwa hata kama jina lake halimo kwenye orodha yoyote. Aliye mkubwa kwa miaka miwili anatakiwa kuipasua ligi hiyo, tena haraka, ndipo namba zake zianze kuhesabiwa.

Usikadirie umri kwa mwaka. Tumia tarehe ya kuzaliwa. Majedwali mengi huhesabu umri wa msimu kufikia tarehe 30 Juni, kwa hiyo vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja tarehe 1 Juni na mwingine tarehe 30 Julai, wataandikwa wamepishana mwaka mzima ilhali tofauti yao ni miezi miwili. Kuna pia shimo la mwaka 2020: ligi ndogo hazikuchezwa kabisa kwa sababu ya janga la korona, hivyo waliokuwa chipukizi wakati huo walichelewa ngazi kwa kosa lisilo lao.

Kuhusu ngazi ya chini kabisa, msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuwa makini. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Pennsylvania, na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisaini vijana wa Uganda. Majina kama hayo yataonekana kwanza katika ligi za Dominika na Arizona. Huko warushaji ni watoto wenye mikono yenye kasi na shabaha mbovu, kwa hiyo beisi za bure humiminika. Asilimia 15 ya beisi za bure Dominika inaweza kuwa jicho zuri, au inaweza kuwa kijana aliyesimama tu akingoja mrushaji ajiharibie. Sisi hatuzipi namba za ngazi hiyo uzito wowote zaidi ya kuangalia kama straikauti zimevuka asilimia 30. Zikivuka kule, dalili si njema.

Namba zipi zinatulia mapema

Kosa linalowapata wengi ni kuzipa safu zote imani moja. Mtafiti wa takwimu za besiboli Russell Carleton alichunguza ni zamu ngapi zinahitajika kabla namba fulani haijaanza kumwakilisha mchezaji zaidi ya bahati. Kwa data za Ligi Kuu alipata kwamba kiwango cha straikauti hutulia kwenye zamu 60 hivi, beisi za bure kwenye 120, nguvu halisi kwenye 160. Wastani wa kufika beisi huhitaji takriban 460. Wastani wa kupiga huhitaji 910, ambazo ni zaidi ya msimu mzima.

Sababu yake ni ya kihesabu. Wapigaji wanatofautiana mno katika straikauti: yupo wa asilimia 10 na yupo wa 35. Katika wastani wa kupiga wengi wamebanana kati ya .230 na .300, na kelele ya bahati ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati yao. Mpigaji ambaye kiwango chake cha kweli ni .270, akipewa zamu 450, anaweza kuyumba pointi 21 (yaani .021) juu au chini kwa bahati tupu, na huo ni myumbo wa kawaida tu. Mara moja moja atafika .312 au kushuka hadi .228 bila chochote kubadilika mikononi mwake. Kwa zamu 100 myumbo huo wa kawaida hufika pointi 44. Ndiyo maana habari ya chipukizi anayepiga .370 mwishoni mwa Aprili haifai hata kuandikwa, lakini habari kwamba straikauti zake zimeshuka kutoka asilimia 28 mwaka jana hadi 17 katika zamu hizohizo inafaa.

Mfano wa hesabu

Chukua wachezaji wawili wa kubuni, wote High-A, kila mmoja zamu 498, ambazo 440 zinaingia kwenye wastani. Wote wamepata beisi za bure 48, wamegongwa na mpira mara tano, na wana mipira mitano ya juu iliyodakwa huku ikimpa mwenzao nafasi ya kufunga.

Wa kwanza ana miaka 23. Hiti 132, kati yake 26 za beisi mbili, nne za beisi tatu, homurani 18. Straikauti 130. Mstari wake ni .300/.371/.500, na ISO ni .200. Gazeti lolote litamwita nyota.

Wa pili ana miaka 20. Hiti 115, kati yake 24 za beisi mbili, tatu za beisi tatu, homurani nane. Straikauti 75. Mstari wake ni .261/.337/.384, ISO .123. Hakuna wa kumwandika.

Sasa tafuta nini kilitokea pale gongo lilipougusa mpira nao ukabaki uwanjani. Chukua hiti, toa homurani. Gawanya kwa zamu zinazohesabiwa ukitoa straikauti na homurani, kisha ukaongeza ile mipira mitano ya juu. Majedwali huiita BABIP. Kwa wa kwanza ni 114 kugawanywa kwa 297, yaani .384. Kwa wa pili ni 107 kwa 362, yaani .296.

Ligi Kuu kwa ujumla hubaki kati ya .290 na .300. Ligi ndogo huwa juu kidogo kwa sababu wadakaji bado wanajifunza na viwanja vingine havina usawa. Mwenye mbio na anayechapa mipira ya mstari anaweza kukaa .330 au .340 kwa miaka, lakini .384 haishikiliki. Mshushe wa kwanza hadi .320, ambayo bado ni ukarimu: hiti za uwanjani zinakuwa 95, ongeza homurani 18, jumla 113. Tukichukulia kwamba hiti 19 zilizopotea zilikuwa za beisi moja, mstari wake unageuka .257/.333/.457. Nguvu imebaki vilevile, kwa sababu hatukuigusa. Kilichoyeyuka ni ule wastani wa .300 uliompa jina.

Na bado hatujagusa umri. Wa kwanza ana straikauti asilimia 26 dhidi ya warushaji wa rika lake au walio wadogo kuliko yeye. Wa pili ana asilimia 15 dhidi ya warushaji wenye miaka 22 na zaidi. Ukituuliza nani ana nafasi kubwa ya kupiga Ligi Kuu kila siku, tunamchagua wa pili, kwa masharti: awe anaendelea kukua mwili, na mipira yake iwe inachapwa kwa nguvu ingawa haivuki uzio. Masharti hayo si mapambo. Wako vijana wengi wasiopata straikauti kwa sababu wanaugusa mpira kidogo kidogo tu, na hao wakifika Double-A wadakaji huwasogelea wakawamaliza.

Betts wa mwaka 2012 alikuwa na umbo hilihili la takwimu. Katika zamu 292 alipata beisi za bure 32 na straikauti 30. Mpigaji wa miaka 19 ambaye beisi za bure zinazidi straikauti tayari anajua mpira upi wa kuchapa. Kilichokosekana kilikuwa nguvu. Mwaka uliofuata akapiga homurani 15 na wastani wa .314 katika ngazi mbili. Nguvu huweza kuja na umri na mazoezi. Jicho huja kwa shida zaidi.

Straikauti, na zinatoka wapi

Makadirio yetu kwa mpigaji wa Double-A ni haya. Chini ya asilimia 20 na ISO zaidi ya .180, ni wa kuaminiwa. Kati ya 20 na 25 ni kawaida ya zama hizi, maana Ligi Kuu yenyewe iko kwenye 22 au 23. Kati ya 25 na 30 lazima nguvu na beisi za bure zilipe deni. Zaidi ya 30, tafuta sababu ya kipekee ya kuendelea kumwamini.

Zama ni muhimu. Wood, mwaka mmoja baada ya zile homurani 43, alipanda Double-A akapata straikauti 149 katika mechi 118, zaidi ya robo ya zamu zake, wakati wastani wa Ligi Kuu ulikuwa asilimia 17 tu. Leo kiwango hicho kingetia wasiwasi. Mwaka 2006 kilikuwa kengele.

Joey Gallo ndiye anayetajwa kila mtu anapotaka kuipinga hoja hii, na ana haki ya kutajwa. Akiwa na timu ya ligi ndogo ya Hickory mwaka 2013 alipata straikauti 165 katika mechi 106, lakini akapiga homurani 38 katika mechi hizohizo na ISO yake ilikuwa .365. Ligi Kuu alipiga homurani 41 mwaka 2017 na 40 mwaka 2018, kwa wastani wa .209 na .206. Njia hiyo ipo. Ila inahitaji nguvu inayopatikana kwa wachezaji wachache katika kizazi, na hata yeye hakubaki juu kwa muda mrefu.

Idadi peke yake haitoshi, angalia aina. Zipo straikauti za mpigaji aliyeganda akitazama straiki ya tatu, mara nyingi mtu mvumilivu kupita kiasi, na huyo hurekebishika. Zipo za kufukuza mipira ya kupinda iliyo nje ya eneo. Katika Ligi Kuu wapigaji hufukuza takriban asilimia 28 hadi 30 ya mipira ya nje, na chipukizi anayefukuza 38 atapewa hiyohiyo mpaka aombe poo. Mbaya zaidi ni za kuikosa mipira iliyo ndani ya eneo. Wastani wa Ligi Kuu wa kuigusa mipira ya ndani ni kama asilimia 82 hadi 85. Mwenye 72 ana kasoro katika mwendo wa gongo au ni mzito wa mikono, na kumfundisha subira hakutamsaidia.

Double-A ndiyo chekecheke kwa sababu hii. Kasi ya mpira ipo tayari huko chini. Linalobadilika ni kwamba mrushaji wa Double-A anaweza kurusha mpira wa kupinda na ukawa straiki hata pale hesabu ya mipira inapomwelemea, mahali ambapo wa Low-A angelazimika kurusha wa moja kwa moja. Mpigaji aliyezoea kuusubiri ule wa moja kwa moja anajikuta hana cha kusubiri.

Nguvu: kasi na mwinuko

Takwimu za kamera za kufuatilia mpira sasa zinapatikana hadharani kwa Triple-A na kwa ligi ya Florida State ya ngazi ya Low-A. Kama chipukizi wako amepita mojawapo, anza hapo. Kasi ya wastani ya mpira ukitoka kwenye gongo Ligi Kuu ni kama kilomita 142 kwa saa, na mpira wa kilomita 153 au zaidi huitwa uliochapwa kwa nguvu. Wastani huo hata hivyo huharibiwa na mipira dhaifu iliyoguswa pembeni. Bora uchukue kiwango kinachozidiwa na moja ya kumi tu ya mipira yake: Ligi Kuu kiko karibu kilomita 166. Kijana wa miaka 20 aliyefikia hapo tayari ana nguvu ya kutosha. Kasi ya juu kabisa nayo husema mapema, kwa kuwa hakuna anayefikisha kilomita 180 kwa bahati, hata kama ni mara moja.

Kasi bila mwinuko haivuki uzio. Vladimir Guerrero Mdogo, akiwa na miaka 19 mwaka 2018, alipiga .402 katika mechi 61 za Double-A na New Hampshire, huku straikauti zikiwa takriban moja katika kila zamu kumi. Hapo hapakuwa na cha kusafisha. Kila safu ilikubaliana na mwenzake. Mwaka 2019 akaingia Ligi Kuu akapiga homurani 15 tu, wastani .272. Karibu nusu ya mipira yake ilikuwa inagonga ardhi. Mwaka 2021 sehemu hiyo ilishuka, mpira ukainuka, na homurani zikafika 48. Chipukizi anayegonga ardhi kwa zaidi ya asilimia 50 msomee nguvu zake kama akiba ambayo huenda isitolewe.

Kinyume chake kipo pia. Isaac Paredes alipiga homurani 31 mwaka 2023 na Tampa Bay Rays bila kasi ya kutisha, kwa kuichapa mipira ya juu upande wake wa kuvuta, yaani kushoto kwa mpigaji wa mkono wa kulia, ambako uzio uko karibu.

Uwanja na mpira wenyewe

Triple-A ina ligi mbili, na ile ya magharibi, Pacific Coast, ina viwanja vilivyoko juu sana. Albuquerque iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribia cha Nairobi, na kimo cha Reno hakiko mbali na hicho. Hewa ni nyepesi: mpira unaenda mbali na mipira ya kupinda haipindi vizuri, kwa hiyo mpigaji anafaidika mara mbili. Florida State ni kinyume chake, viwanja vikubwa vya usawa wa bahari ambavyo klabu za Ligi Kuu huvitumia kwa mazoezi ya Februari na Machi. Homurani 12 za huko zinaweza kuzidi 22 za Albuquerque.

Kipimo cha wRC+, kinachojumlisha mchango wote wa mpigaji katika namba moja, husaidia: 100 ni wastani wa ligi, 130 ni asilimia 30 juu yake. Hakikisha tu jedwali limerekebisha nini. Mengi ya ligi ndogo hurekebisha ligi peke yake, si uwanja, na mchezaji wa Reno hubaki amevimba. Njia ya haraka ni kutazama mstari wake wa ugenini, ukikumbuka kwamba zamu zinakuwa nusu na kelele inaongezeka.

Halafu kuna mabadiliko ya kanuni na vifaa. Mwaka 2019 Triple-A ilianza kutumia mpira uleule wa Ligi Kuu, na homurani zikaruka kwa zaidi ya nusu ndani ya mwaka mmoja. Aliyeongeza kutoka 14 hadi 21 msimu huo hakuongeza kitu. Mwaka 2023 Southern League ya Double-A ilijaribu nusu ya kwanza ya msimu mpira wenye gundi ya kiwandani, unaoshikika zaidi, na wapigaji wakateseka. Mwaka huohuo Triple-A nzima ikaanza kutumia mfumo wa kompyuta wa kuamua straiki. Ukimlinganisha mtu wa miaka hiyo na wa leo, weka hayo mezani kwanza.

Anacheza wapi, na gongo linatakiwa kiasi gani

Mpigaji wa wRC+ 95 Ligi Kuu ana kazi ya kudumu kama ni mdakaji wa nyuma ya mpigaji au mlinzi mzuri wa kati ya beisi ya pili na ya tatu. Kama anacheza beisi ya kwanza, hana kazi. Huko wanataka 115 au 120. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini ni mfano mzuri. Pittsburgh Pirates walimsaini mwaka 2008, akakaa ligi ndogo miaka mingi kwa gongo dhaifu, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, akapata hiti zamu yake ya kwanza kabisa. Kilichomfikisha ni ulinzi. Mwenye takwimu zake za kupiga angekuwa wa beisi ya kwanza, asingevuka hata Double-A.

Kwa hiyo uliza kama atabaki kwenye nafasi yake. Kijana mzito wa miaka 19 anayecheza beisi ya tatu leo huenda akawa wa beisi ya kwanza akiwa na 24, na kila anaposogezwa, gongo linadaiwa zaidi.

Kukadiria, na kungoja

Bill James alionyesha miaka ya 1980 kwamba takwimu za Triple-A na Double-A zinaweza kutafsiriwa kuwa za Ligi Kuu kwa kuzipunguza kwa kiwango maalumu. Uzalishaji wa Triple-A hupungua takriban moja ya tano. Inafanya kazi kwa kundi kubwa, na kwa mtu mmoja hutoa upeo mpana. Kwa mchezaji wa pili katika mfano wetu, tungeandika hivi: uwezekano mkubwa ni mchezaji wa akiba, upo uwezekano wa kweli wa kuwa mchezaji wa kila siku, na nafasi ndogo ya zaidi ya hapo nguvu ikija. Anayekupa namba moja ya homurani za mwaka 2030 anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Akipandishwa, vuta subira kwa mpangilio uleule wa namba kutulia. Baada ya zamu 60 tazama straikauti tu. Baada ya 120 ongeza beisi za bure. Nguvu iachie 160, na wastani wa kupiga usiuguse mwaka huo. Mike Trout alipiga .220 katika mechi 40 za kwanza mwaka 2011, kisha .326 mwaka uliofuata. Aaron Judge alipata straikauti 42 katika zamu 84 zinazohesabiwa mwaka 2016, wastani .179, mwaka 2017 akapiga homurani 52. Ukweli ni kwamba kwa kanuni yetu ya zamu 60 Judge angetutia hofu, na hofu hiyo ilikuwa halali: straikauti zake mwaka 2017 bado zilikuwa 208. Kilichomwokoa ni beisi za bure 127 na nguvu ambayo wachache sana walikuwa nayo.

Mwisho, tazama saa ya klabu. Aliyesainiwa akiwa na miaka 18 au chini hulindwa misimu mitano, na aliyesainiwa na 19 au zaidi misimu minne. Baada ya hapo, klabu isipomweka kwenye orodha ya wachezaji 40 kufikia Novemba, klabu nyingine inaweza kumchukua Desemba. Wanaomwona kila siku wakimwacha nje, wana habari ambayo jedwali lako halina. Akishawekwa, klabu inaweza kumrudisha ligi ndogo katika misimu mitatu tu. Ikiisha, lazima abaki kwenye kikosi cha 26 au aachwe wazi kwa wengine, na hapo ndipo utaona mpigaji wa kawaida akipewa zamu 200 kati ya Aprili na Juni kwa sababu ya karatasi, huku aliye bora kuliko yeye akisubiri Triple-A.